Ukingo wa Daraja na Uhai wa Mpanda Baiskeli

"Ajali haina kinga," husema wengi pindi mtu anapoopolewa mtoni. Sisi tuliokabidhiwa dhamana ya usalama wa raia hatuwezi kuukubali usemi huo pale kinga inapowezekana.

Nchini Uganda baiskeli ni mguu wa mnyonge. Hubeba matoke, mkaa, madumu ya maji, na hata abiria. Boda boda yenyewe ilianzia kwa baiskeli huko Busia mpakani. Zote hizo huvuka madaraja.

Aendaye kwa miguu akiyumba, ukingo wa kiunoni waweza kumzuia. Mpanda baiskeli sivyo. Yeye ameketi juu ya tandiko, na uzito wa mwili wake umepanda juu. Gurudumu likigonga ukingo, baiskeli husimama ghafla lakini mwili huendelea na safari. Ukingo ukiwa mfupi, chuma kilichowekwa kumwokoa ndicho kimpinduacho na kumtupa majini.

Ukingo uwe na kimo gani basi? Wataalamu wamebishana. Nchini Marekani kanuni za madaraja zilidai inchi 54, yaani sentimita 137. Baadaye zikashuka hadi inchi 42, yaani sentimita 107. Mwongozo wao wa mwaka 2012 ulishauri inchi 48, yaani sentimita 122, mahali ambapo baiskeli yaweza kuugonga ukingo kwa kasi na kwa pembe ya nyuzi 25 au zaidi, kama vile penye kona kali chini ya mteremko mrefu. Nchini Uingereza kipimo kijulikanacho ni mita 1.4.

Sababu ya tofauti hiyo ni wazi. Penye njia iliyonyooka, baiskeli huuparuza ukingo tu na kuteleza kando yake. Penye kona, huuvamia uso kwa uso.

Wala kimo pekee hakitoshi. Upande wa ndani sharti uwe laini, pasiwe na nguzo wala ncha ya kunasa usukani. Madaraja ya muda ya vyuma, ambayo wanajeshi wahandisi huyajenga, yana mapengo mapana ubavuni. Yafaa kufungiwa ubao mrefu ulio sawa na kimo cha usukani.

Askari aliye doriani hahitaji kwenda na futikamba. Kwa mtu wa kimo cha wastani aliyesimama wima, sentimita 107 hufika kwenye kiwiko, na mita 1.4 hufika begani. Akikuta ukingo wa daraja lenye kona na mteremko haufiki hata kiwiko, au umevunjika, aandike taarifa siku hiyo hiyo, na hadi utakapotengenezwa awaamuru wapanda baiskeli washuke na kukokota.

Taarifa ya mistari mitatu ni kazi ndogo kuliko kumwopoa maiti. Tahadhari kabla ya hatari.