Uso Unatoka Mweusi Jua Likiwa Nyuma? Washa Flashi Hata Mchana

Umempiga mdogo wako picha jioni pale Forodhani, Zanzibar. Bahari imetoka poa, jua linazama vizuri, lakini yeye mwenyewe ni kivuli tu. Wengi hapo hulaumu simu. Simu haina kosa, shida ni mwanga ulioko nyuma yake.

Kwa nini inatokea?

Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ikikuta anga linawaka, inapunguza mwanga ili anga lisitoke jeupe pee. Uso, ambao tayari uko kivulini, unazama gizani. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hali huwa mbaya zaidi, maana ngozi yetu hurudisha mwanga kidogo.

Dawa yake ni flashi

Flashi si ya usiku peke yake. Mchana inajaza mwanga usoni, huku anga likibaki na rangi yake. Fanya hivi:

1. Gusa alama ya radi kwenye kamera, chagua "On". Usiiache kwenye "Auto", kwa sababu simu ikiona mwanga ni mwingi haiwashi flashi.

2. Sogea karibu, kama mita moja hivi. Taa ya simu ni ndogo. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo tu.

3. Piga mbili tatu, kisha kuza picha uangalie kama macho yanaonekana.

Unatumia kamera kubwa? Punguza nguvu ya flashi kidogo, uso usije ukang'aa kuliko mazingira.

Flashi ikizidiwa je?

Kwa jua kali la saa saba, au kundi la watu walio mbali, flashi ya simu haifui dafu. Gusa uso kwenye skrini, kisha vuta alama ya jua kwenda juu. Uso utaonekana, ila anga litapauka. Au washa HDR, simu iunganishe picha kadhaa zenye mwanga tofauti. Njia nyingine: mtu ashike shuka jeupe pembeni ya kamera, lirudishe jua usoni.

Usitegemee kurekebisha baadaye. Uso uliotoka mweusi tii ukiuongezea mwanga unajaa chengachenga. Harusi na mahafali havirudiwi, kwa hiyo kagua picha kabla watu hawajatawanyika.