Nidhamu ya wanafunzi si kazi ya shule moja pekee

MWANAFUNZI anapokosana na shule moja katika eneo la Mitaboni, kaunti ndogo ya Kathiani, mzazi wake mara nyingi hutafuta nafasi katika shule jirani, na mambo huonekana yamekwisha. Mtoto huhama na barua ya kuhama pamoja na ripoti ya alama zake. Sababu halisi iliyomwondoa, iwe ni uonevu bwenini, bangi, msiba nyumbani au karo isiyolipwa, hubaki katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu alikotoka. Walimu wanaompokea huanza naye upya bila kujua lolote, na tatizo lililokuwa la shule moja huwa la shule mbili.

Huo ndio udhaifu mkubwa wa namna nidhamu inavyosimamiwa nchini Kenya. Kila shule hujishughulikia yenyewe, ilhali wanafunzi, wazazi na uvumi hupita kutoka shule moja hadi nyingine bila kujali ua wala lango. Ndiyo maana migomo inapozuka, haizuki mahali pamoja; shule moja ikichomwa leo, nyingine husikika kesho.

Wakazi wa Machakos hawahitaji kukumbushwa gharama ya kulipuuza jambo hili. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, katika iliyokuwa wilaya ya Machakos, baada ya petroli kumwagwa na kuwashwa. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Iliripotiwa wakati huo kwamba wanafunzi walikuwa na manung'uniko, yakiwemo ya matokeo ya mtihani wa KCSE wa mwaka 2000 yaliyofutwa. Manung'uniko ya aina hiyo hayazuki kwa siku moja. Hujulikana bwenini, jikoni na hata sokoni kabla hayajamfikia mwenye mamlaka ya kuchukua hatua.

Mwaka huo huo wa 2001, Bw Kalonzo Musyoka akiwa Waziri wa Elimu, serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni. Kikosi kazi kilichoongozwa na Bi Naomy Wangai nacho kikachunguza chanzo cha ghasia za wanafunzi na kupendekeza, miongoni mwa mengine, kwamba ushauri nasaha uimarishwe. Marufuku hayo yalitiwa nguvu na Katiba ya 2010, kisha na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kinachokataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili.

Sheria ni nzuri. Lakini kilichoondolewa kilikuwa chombo ambacho kila mwalimu alijua kukitumia, na kilicholetwa badala yake, katika shule nyingi, kilikuwa jina tu: ushauri nasaha usio na saa katika ratiba, usio na chumba wala fedha. Mwalimu aliyepewa wadhifa huo hufundisha vipindi vyake vyote kama wenzake, kisha hutarajiwa kumsikiliza mtoto mwenye huzuni wakati wa mapumziko ya chai. Si ajabu kwamba kila ghasia zinapotokea, watu hudai kiboko kirudishwe. Mnamo Januari 2021, baada ya walimu kudungwa kisu na mwanafunzi huko Kisii, waziri wa wakati huo, marehemu Prof George Magoha, alitoa wito huo yeye mwenyewe. Wanaodai hivyo husahau kwamba maafa ya St Kizito, Meru, mwaka 1991, na ya Shule ya Upili ya Nyeri, mwaka 1999, ambako viranja wanne waliuawa kwa moto, yalitokea wakati kiboko kiliruhusiwa kisheria.

Ugumu mwingine ni wa kiofisi, nao hauzungumzwi sana. Mwalimu huajiriwa na kuadhibiwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mwanafunzi na ubora wa shule ni jukumu la Wizara ya Elimu kupitia mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Watoto wa chekechea wako chini ya serikali ya kaunti. Mtoto anayeteswa nyumbani ni wa afisa wa watoto, na aliyeanza kutumia dawa za kulevya hupelekwa hospitalini au, mara nyingi zaidi, kwa chifu. Ofisi zote hizo zipo, na baadhi yazo ziko umbali mfupi baina yao. Kinachokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba habari za mtoto zinafika kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Je, kuratibu nidhamu katika eneo zima kungekuwa na maana gani? Mfano unaotajwa sana ulienezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kuanzia miaka ya 1990. Huo hugawa msaada katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya wanafunzi wote: kanuni chache zilizo wazi, zinazofundishwa kama somo lingine lolote, na sifa kwa anayezifuata. Ya pili ni ya wale wachache wanaoanza kuteleza, ambao hukutana na mwalimu mara kwa mara katika vikundi vidogo. Ya tatu ni ya mtoto mmoja mmoja mwenye shida nzito, anayehitaji familia yake, daktari au afisa wa watoto waketi pamoja.

Ngazi ya kwanza shule inaweza kuifanya peke yake. Ya tatu haiwezi. Mtoto anayeitwa mkaidi huenda hasikii vizuri, na kulitambua hilo ni kazi ya kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, wala si ya mwalimu wa zamu. Hata sheria inalikubali jambo hili: mwanafunzi hafukuzwi mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zimekwisha, naye pamoja na mzazi wake wamesikilizwa, na akifukuzwa ni lazima apokewe katika taasisi ya kumrekebisha huku akiendelea kusoma. Kumrusha katika shule jirani si mojawapo ya njia hizo.

Ushahidi kwamba kazi hii yawezekana kwa shule nyingi kwa pamoja uko karibu, nchini Uganda. Katika wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices lilitekeleza mpango wa kubadili mazingira ya shule, na watafiti wakaulinganisha katika shule 42 za msingi: nusu ziliupata mpango huo, nusu zikasubiri. Kila shule ilichagua walimu na wanafunzi wa kuuongoza. Baada ya miezi 18, mwaka 2014, asilimia 31 ya wanafunzi katika shule zilizoshiriki walisema walikuwa wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika juma lililotangulia. Katika shule nyingine walikuwa asilimia 49. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa karibu thuluthi moja ya watoto kuendelea kuumizwa si jambo la kushangilia.

Kwa Kathiani, hatua ya kwanza haihitaji mfadhili. Maafisa wa TSC wanaosimamia mtaala katika kila kanda tayari huzitembelea shule. Iwapo kila shule ingeandika makosa kwa namna moja, yaani nini kilitokea, wapi, saa ngapi na nini kilifanyika baadaye, maafisa hao wangeweza kuona mapema kwamba shule tatu zina tatizo la aina moja baada ya masomo ya jioni, au kwamba majina yale yale yanahama. Lakini lazima siri ya mtoto ilindwe. Daftari likigeuka orodha ya wahalifu inayopitishwa mkononi, hakuna mwanafunzi atakayemfungulia mwalimu moyo. Vilevile mwalimu mkuu anayeripoti ukweli asichukuliwe kuwa aliyeshindwa kazi, la sivyo kila daftari litakuwa tupu.

Wakati nao ni muhimu. Mawimbi makubwa ya ghasia za mwaka 2008, 2016 na 2018 yalizuka katika muhula wa pili, mitihani ya majaribio ikikaribia. Kikao cha walimu washauri, maafisa wa watoto na wawakilishi wa mabaraza ya wanafunzi kikiitwa Julai, kitakuwa kimechelewa. Kinafaa kufanyika Mei, juma la kwanza baada ya shule kufunguliwa, na manung'uniko ya wanafunzi yawe jambo la kwanza katika ajenda, kabla ya kumbukumbu za kikao kilichopita.