Miche Bora kwa Mbolea ya Nyungunyungu



Mvua ikikaribia, wengi wetu tunakimbilia sokoni kununua miche ya sukuma wiki. Pesa inatoka, miche inafika nyumbani imenyauka, na mingi inakufa. Wengine wanaotesha wenyewe, lakini wanajaza samadi mbichi ya kuku kwenye kitalu. Hiyo ni kali sana! Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilipoteza kitalu kizima hivyo. Miche iliota vizuri, halafu ikageuka manjano na kuungua. Mbegu zilikuwa zimenunuliwa kwa michango yao wenyewe.

Iko njia nyingine isiyo na gharama kubwa, nayo ni mbolea inayotengenezwa na nyungunyungu. Msiogope, hawa si minyoo ya tumboni. Wala si wale wakubwa tunaowakuta tukilima. Tafuteni wale wadogo wekundu wanaokaa ndani ya samadi ya ng'ombe iliyokaa siku nyingi.

Kutengeneza mbolea

1. Chukua sanduku la mbao lenye miguu. Toboa matundu chini ili maji yatoke, uliweke kivulini.

2. Tandika majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa pamoja na samadi ya ng'ombe iliyokaa. Nyunyiza maji. Ukifinya kwa mkono, yatoke matone machache tu.

3. Weka nyungunyungu. Walishe kidogo kidogo: maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya mboga, majani ya chai. Usiweke nyama, mafuta wala chakula chenye chumvi. Magugu yenye mbegu pia hapana, kwa sababu mbolea hii haipati joto la kuua mbegu.

4. Funika kwa gunia. Kuku na siafu ni maadui wakubwa. Simamisha miguu ya sanduku ndani ya mikebe yenye oili chafu, siafu wasipande.

Baada ya miezi 3 hivi utaona mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo. Isukume upande mmoja na uweke chakula kipya upande wa pili. Nyungunyungu watahama wenyewe, nawe utachota mbolea yako.

Kitalu

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wakiona mbolea ni nzuri, wanapanda mbegu ndani ya mbolea tupu. Changanya karai 1 la mbolea, makarai 2 ya udongo wa juu na karai 1 la mchanga.

Panda mbegu kina cha sentimita 1, mistari iachane sentimita 15. Funika kwa nyasi kavu. Mbegu zikichomoza, ondoa nyasi na ujenge kivuli chepesi juu. Mwagilia asubuhi bila kuzidisha, maana maji mengi huozesha shina. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli, miche izoee jua. Baada ya wiki 4 hadi 6 ipandikize, tena jioni.

Sanduku moja halitoshi shamba lote, tuseme ukweli. Ndiyo sababu tunaipeleka mbolea hii kwenye kitalu, mahali kidogo kinaposaidia sana. Shambani endeleeni na samadi iliyoiva.

Maswali ya kujadiliana

- Msimu uliopita tulitumia pesa ngapi kununua miche? Ni mingapi iliyopona?
- Nani kati yetu ana samadi ya zamani yenye nyungunyungu wekundu?
- Sanduku la kwanza litakaa kwa nani, na zamu ya kuwalisha itakuwaje?