Mikono ya Tabaka Haihitaji Juisi

Kabla kinyago cha mawe ya Kisii hakijatoka Tabaka, huko Gusii nchini Kenya, kwenda sokoni, hupitia kwa akina mama wanaokisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Mikono yao hulowa, hukauka, hulowa tena, mpaka vidole vipasuke na kuwasha. Anayetafuta nafuu kwenye simu huletewa juisi za matunda: limau, au elderberi, tunda dogo jeusi la Ulaya linalosifiwa kwa kung'arisha ngozi.

Sifa hizo zina chanzo. Weusi wa elderberi hutokana na anthosiani, kemikali za aina moja na zile zinazotia rangi zambarau na matunda ya managu yaliyoiva. Katika maabara, anthosiani huzima chembe haribifu zinazozalishwa na miale ya jua. Tatizo ni njia ya kuingia. Anthosiani huyeyuka katika maji, ilhali utando wa juu wa ngozi umezibwa kwa mafuta. Kinachopenya ni kidogo, na mwanga na joto huharibu anthosiani upesi.

Kwa kunywa, elderberi mbichi ni hatari. Majani, vijiti na matunda mabichi yana viambato vinavyozalisha sianidi. Agosti 1983 huko California, watu 8 walisafirishwa hospitalini kwa helikopta baada ya kunywa juisi iliyokamuliwa pamoja na majani na vijiti. Ikipakwa, cha kuogopwa zaidi ni mwasho na mzio.

Limau ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa kuwa limo kila jikoni. Asidi yake huchoma ngozi iliyopasuka. Mbaya zaidi, limau na ndimu zina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi kwa wiki au miezi. Jua la nyanda za juu karibu na ikweta halina huruma.

Mikono ya msasa imepoteza mafuta, basi irudishiwe mafuta. Parachichi limejaa Gusii, na mafuta yake hulainisha. Ila asidi ya oleiki, iliyo nyingi humo, inaweza kulegeza utando wa ngozi iliyokwisha kuumia. Mafuta ya mgando ya bei nafuu huzuia maji yasitoroke vizuri zaidi. Suuza vumbi, futa taratibu, paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Glavu za mpira zingezuia mengi ya haya, na naamini anayenunua vinyago kwa jumla ndiye anayepaswa kuzileta.