Unatafuta Keja Nairobi? Usitume Pesa Kabla ya Kufika

Mwaka jana rafiki yangu aliona picha za nyumba ya chumba kimoja cha kulala Roysambu. Kodi ni 12,000, picha ni safi, na ajenti ana haraka: "Kuna mtu mwingine anaitaka, tuma dipoziti sasa." Akatuma. Jumamosi alifika na mizigo, akakuta nyumba ina watu. Keateka hamjui ajenti huyo, na simu imezimwa.

Ili yasikupate:

Fika mwenyewe. Fungua mfereji, washa taa, na uulize majirani maji huja siku ngapi kwa wiki. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu.

Piga hesabu yote. Kodi 12,000 na dipoziti 12,000 tayari ni 24,000, na bado hujalipa pikapu ya kuhama. Ongeza tokeni za stima, maji, takataka na nauli. Nyumba ya bei nafuu inayokulazimu kupanda matatu mbili kila asubuhi huenda isiwe nafuu.

Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Kama si jina lililo kwenye mkataba, simama hapo hapo.

Hifadhi ujumbe wa malipo. Siku ya kuhama, huo ndio ushahidi wako wa kudai dipoziti.

Na kama umeshatuma na roho inakusuta, pigia huduma kwa wateja sasa hivi, kabla pesa haijatolewa.