Kinga ya Kigasha: Mpiga Uta, Ngozi ya Chatu na Yaliyomo katika Masanduku Yetu

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu walioko Maskati, Dubai, London na kwengineko, ukutani huning'inia jambia au upanga wa babu. Uta ni nadra kuuona. Ndiyo maana vijana wetu hukua wakidhani kwamba silaha za wazee wao zilikuwa chuma na baruti peke yake, na kwamba uta na mishale ni mambo ya watu wa bara, wasiohusika na majina yaliyoandikwa katika shajara ya nasaba. Dhana hiyo inaipunguza tarikhi yetu, na inawafuta watu ambao bila ya mikono yao miji ya mwambao isingesimama.

Kwa hivyo tumechagua kueleza kitu kidogo: kinga ya ngozi anayoivaa mpiga uta kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono baina ya kiwiko na kiganja, ikiwa imepambwa kwa ngozi ya nyoka. Tutaeleza kazi yake, namna inavyotengenezwa, na mambo yanayomhusu mwenye kuitia mkononi au kuirithi.

Uta katika tarikhi yetu

Msomaji anayefikiri kwamba uta haukuwa silaha ya waungwana na amkumbuke Fumo Liongo. Shujaa huyu, anayehesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa kabisa wa lugha yetu, alisifika kwa shabaha. Wasimulizi wanaeleza kwamba baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, alichukua uta wake, akapiga goti karibu na kisima, akaupachika mshale, na akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakashindwa kuteka maji wakidhani yu hai. Mkononi mwa Liongo kulikuwa na uta hadi pumzi ya mwisho.

Upande wa kaskazini, Waarabu wenyewe walijifunza mapema kuuheshimu uta wa Mwafrika. Jeshi la Abdallah bin Saad lilipofika Dongola mwaka 652, Wanubi walilipokea kwa mishale iliyolenga macho. Wanubi wakabakia na lakabu ya "rumat al-hadaq", wapigaji wa mboni za macho. Vita hivyo havikuisha kwa ushindi bali kwa mapatano.

Kwetu mwambaoni, Wareno chini ya Francisco de Almeida walipoivamia Mombasa mwaka 1505, walipokewa kwa mawe na mishale kutoka kwenye madari ya nyumba, na miongoni mwa waliolinda mji walikuwamo wapiga mishale walioitwa kutoka bara. Na katika biashara ya pembe, iliyowatajirisha wengi Mombasa na Unguja, sehemu ya ndovu waliangushwa kwa mata ya Wawata, wawindaji wa nyika ya nyuma ya Malindi na Mombasa. Uta wao mrefu huhitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuuvuta, na chembe ya mshale hupakwa sumu ya mti wa mchungu. Wawata hao, katika miaka ya 1950, walikamatwa na kufungwa kwa wingi pale serikali ya kikoloni ilipopiga vita uwindaji katika mbuga ya Tsavo. Aliyenunua pembe anatajwa katika daftari za biashara. Aliyevuta uta hatajwi.

Kwa nini mkono unahitaji kinga

Mwenye kutumia mkono wa kulia hushika uta kwa kushoto. Anapouachia upote, ambao ni kamba ya uta, kamba hiyo hurudi mbele kwa nguvu ikipita sambamba na kigasha cha kushoto. Kiwiko kikigeuka kidogo tu, upote huchapa nyama ya ndani ya mkono, na wenye kujifunza huyajua maumivu yake kwa vilengelenge na uvimbe. Kwa mvaa kanzu kuna dhara ya pili: mkono wa kanzu ukipwaya, kamba huunasa na mshale ukaenda upogo. Kinga hufanya kazi zote mbili. Hupokea pigo, na huibana nguo.

Si mila zote za uta zilizoihitaji kwa kiasi kimoja. Waarabu na Waturuki waliotumia uta mfupi wa pembe na mishipa walivuta kwa dole gumba, na wakawa na ustadi wa kuuzungusha uta kidogo wakati wa kuachia ili upote uukwepe mkono. Kwa hivyo vitabu vyao, kama kile cha Taybugha al-Baklamishi cha karne ya 14 huko kwa Mamluki, hushughulika sana na kinga ya dole gumba la mkono wa kuvutia, iliyoitwa kustuban ikiwa ya ngozi. Waingereza, kwa mata yao marefu ya mti, walihitaji kinga ya kigasha. Katika merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zilipatikana kinga zaidi ya 20, nyingi zao za ngozi. Mata ya nyika ya Afrika Mashariki nayo ni ya mti na ni marefu, na kwa mvutaji wake dhara ya upote ni hiyo hiyo.

Ngozi na kuidabighi

Ngozi inayofaa ni ya ng'ombe iliyodabighiwa kwa magome au matunda ya miti, si kwa dawa za kiwandani. Ngozi ya namna hii ikiloweshwa hulainika, na ikikauka hushika umbo ililopewa. Ile ya dawa za chumvi za chuma hubakia laini na kurudi ilivyokuwa. Wazee wa Arabuni na Oman walitumia qaraz, maganda ya mgunga. Mwambao wetu ulikuwa na hazina nyingine, magome ya mikoko, hasa mkandaa, ambayo yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Na mafundi hawakukosekana: Siu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kazi ya ngozi kama ilivyosifika kwa kunakili misahafu na kuijalidi.

Namna ya kuitengeneza

Kwanza pima mkono. Kinga ianze vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na iishie vidole vitatu kabla ya mkunjo wa kiwiko. Kwa mtu mzima hiyo ni baina ya sentimita 15 na 20. Upana wake ufunike upande wa ndani na ubavu wa mkono, ubakie mwanya wa sentimita 3 hivi upande wa nje, ambako vigwe vitapita. Kata kwanza karatasi, uivae, uikunje ngumi na kuifungua. Karatasi ikikwama kwenye kiwiko, ngozi itakwama zaidi.

Pili, tafuta njia ya upote. Funga kipande hicho cha karatasi mkononi, paka chaki kwenye upote, kisha vuta na kurudisha taratibu mpaka kamba ikaribie mkono. Alama ya chaki itakuonesha mstari ambao hautakiwi kuwekwa pambo lolote lililoinuka, wala fundo, wala bizimu.

Tatu, kata ngozi mbili kwa kipimo hicho: ya chini unene wa milimita 2, ya juu nyembamba zaidi. Loweka zote katika maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yaishe, zizungushe kwenye chupa au gogo lenye unene wa mkono, zifunge kwa kitambaa, na ziache kivulini mpaka zikauke. Jua huikakamaza ngozi na kuipasua.

Nne ni ngozi ya nyoka. Iwe imekwisha kudabighiwa, na iwe imepasuliwa tumboni ili mabaka ya mgongo yabakie mazima. Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuibandika juu ya kinga yote. Hupendeza siku ya mwanzo, lakini magamba hukwanguliwa na upote na kingo zake huinuka. Ya pili, tunayoipendelea, ni ya madirisha. Katika ngozi ya juu hukatwa nafasi pembeni mwa njia ya upote, na ngozi ya nyoka huwekwa baina ya tabaka mbili ili ichungulie. Ngozi ya juu inakuwa imeinuka kuliko magamba, na pigo lolote hulipokea yenyewe.

Kwa njia yoyote, uangalie uelekeo wa magamba. Magamba ya nyoka yamelaliana kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukipitisha kidole kuelekea mkiani huteleza, na ukirudi nyuma hukwaruza. Kwa kuwa upote hukimbia kutoka upande wa kiwiko kwenda upande wa kiganja, upande wa kichwa cha nyoka uwekwe kiwikoni na wa mkia uwekwe kiganjani. Kinga iliyopinduliwa huliwa na upote wake wenyewe.

Tano, kubandika. Kata ngozi ya nyoka ipite kingo za dirisha kwa sentimita moja kila upande. Paka gundi nyembamba, kwa sababu ngozi hii ni kama karatasi na kila donge litaonekana. Kazi hii ifanywe juu ya gogo, si mezani. Tabaka zikigandishwa zikiwa bapa kisha zikapindwa, ile ya ndani hukunjamana. Wajalidi vitabu wanaijua hesabu hii.

Sita, kushona. Toboa kwa maharazi kila milimita 4, kuzunguka dirisha na kuzunguka ukingo wa kinga. Tumia uzi wa katani uliopakwa nta, na sindano mbili, kila moja kwenye ncha yake ya uzi, zikipishana katika tundu moja. Mshono huu ukikatika mahali pamoja, mwengine hubaki. Ugongwe kwa nyundo ya mti ulale, maana upande wa chini utagusana na mkono.

Mwisho, toboa matundu ya vigwe katika kingo mbili za nje, sugua ukingo kwa maji na mfupa mpaka ung'ae, na upitishe nta kidogo. Kwenye magamba pitisha kitambaa kikavu tu.

Swali la tohara

Wasomaji wanaweza kuuliza: je, inajuzu kusali na kitu hiki mkononi? Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea mwambaoni, ngozi ya maiti ya mnyama hutoharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao, kwa hivyo ya nyoka iliyodabighiwa imo katika zilizotoharika. Wahanafi wameitoa ngozi ya nyoka mdogo kwa hoja ya kifundi: ni nyembamba mno hata haistahimili kudabighiwa. Hitilafu hii inamfaa mwanatarikhi pia, kwani inaonesha kwamba mafakihi waliijua kazi ya mafundi wa ngozi na walihukumu kwa kuitazama.

Kuitambua na kuisafirisha

Huenda kitu kama hiki kimo katika sanduku la bibi bila ya jina. Ala ya jambia au kisu ni mfuko uliofungwa wenye mdomo mmoja. Hirizi imeshonwa pande zote na ndani yake mna karatasi, nayo isifumuliwe. Kinga ya kigasha imejipinda kama kigae, ina matundu katika kingo mbili, na juu yake huwa na mchirizi uliochakaa unaoelekea kiganjani. Mchirizi huo ndio ushahidi kwamba ilitumika, basi msiusugue wala kuupaka mafuta. Ifungeni kwa kitambaa cha pamba, mbali na jua na unyevu, na mwandike jina la aliyewapa na mahali ilikotoka.

Iko pia sheria. Chatu wa Afrika yumo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975. Ngozi yake, hata kipande kilichoshonwa, huweza kuhitaji kibali ili kuvuka mpaka, na kitu kilichokuwapo kabla ya mkataba kina cheti chake maalumu. Kenya nayo ilipiga marufuku biashara ya mazao ya wanyamapori mwaka 1978. Mwenye kusafiri na urithi wa ukoo aulize idara husika za nchi mbili kabla ya safari, asingoje kuulizwa uwanja wa ndege. Na anayetaka kutengeneza kinga mpya anaweza kutumia ngozi ya ng'ombe iliyopigwa chapa ya magamba. Kinga itafanya kazi yake vile vile.

Tunapokusanya shajara za koo zetu, tumezoea kuuliza nani alikuwa mtoto wa nani. Tunawaomba jamaa waongeze swali la pili, madhali wapo wazee wa kulijibu: vitu vilivyomo nyumbani vilishonwa na nani, na ngozi yake ilitoka wapi. Mara nyingi jibu litatupeleka Siu, au nyikani kwa Wawata, au kwa mtumwa ambaye jina lake analikumbuka bibi mmoja tu. Majina hayo nayo yaandikwe.