Mlaze chali tu, bibi

Kwenye kliniki ya watoto hapa Njombe, swali gumu haliulizwi na mama. Huulizwa na bibi aliyemsindikiza mkamwana wake: "Nesi, ukimlaza chali si atapaliwa na maziwa?" Namheshimu kwa hofu hiyo, maana hata wakubwa waliwahi kuwa nayo. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni, aliwashauri wazazi tangu miaka ya 1950 wawalaze watoto kifudifudi wasije wakapaliwa. Wakamsikiliza. Watoto wenye afya, jana yake wametoka kunyonya vizuri, wakawa wanakutwa wamekufa usingizini, na hata maiti zikipasuliwa halionekani jambo.

Watafiti wa New Zealand, Uingereza na kwingineko walipouliza watoto hao walilazwaje, kulala kifudifudi kukajitokeza waziwazi. Mwaka 1991 mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alifiwa na mwanawe Sebastian. Akapiga kelele hadi kampeni ya kuwalaza watoto chali ikaanza Desemba mwaka huohuo. Marekani ilianza yake 1994. Uingereza vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache, na Marekani navyo vikapungua sana.

Ndipo namjibu bibi, kidole nikiwa nimekiweka kooni pangu. Njia ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, ya hewa inakuwa juu. Akicheua, maziwa yanarudi yalikotoka, au anayameza. Mgeuze kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inakuwa chini, na maziwa huteremkia huko. Kumlaza ubavu nako sikutaki, maana hakawii kubiringika akalalia tumbo.

Sababu yenyewe ya vifo hivi bado haijapatikana. Ila mtoto aliyezamisha uso kwenye godoro laini huvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa. Wengi hushtuka wakageuza kichwa. Wapo ambao ubongo wao hauwaamshi. Kipindi kibaya ni miezi 2 hadi 4. Njiti, na mtoto ambaye mama yake alivuta sigara akiwa mjamzito, wako hatarini zaidi. Anayenyonya maziwa ya mama hatari yake ni ndogo.

Ugomvi wangu mkubwa ni baridi ya Juni. Mtoto analetwa na kofia mbili za sufu, sweta na blanketi zito. Ukimfunua, mgongo umelowa jasho. Joto la kupindukia ni hatari vilevile. Viganja vya baridi visikudanganye, gusa kifua au nyuma ya shingo. Akilala ndani, kofia ivuliwe.

Kulala chumba kimoja na mama ni kinga. Kitanda kimoja ndicho chenye masharti, nami simwambii mpangaji wa chumba kimoja anunue kitanda cha mtoto. Namwambia mito na mablanketi yakae mbali na uso wa mtoto, asisinzie naye kwenye kochi, na msimu wa pombe ya ulanzi baba aliyerudi amelewa alale kwingine. Hapo akina mama hucheka. Wengine hawacheki.

Mchana, mtoto akiwa macho na mtu akimwangalia, alale kifudifudi kidogo ili shingo ikomae. Kazi hiyo namkabidhi bibi.